Beethoven Op. 2 namba 3: vidole vinakimbia, muziki haufiki

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina onyesho dogo mwezi wa kumi na moja na nimechagua sonata ya Beethoven ya C meja, Op. 2 namba 3. Polepole naipiga safi kabisa, ila nikiongeza spidi zile thadi za mwanzo (noti mbili mbili zinazopigwa pamoja) zinavurugika na kiganja kinaanza kuuma. Alafu walionisikia wananiambia inasikika kama mazoezi ya vidole tu. Nyumbani nina piano ya umeme, siku yenyewe ukumbini kuna piano ya kawaida ya kusimama. Nianzie wapi? Na ule ukurasa wa mwanzo ulioandikwa kurudiwa, niurudie au niuache?"

Marahaba mdogo wangu. Hongera kwa uchaguzi, maana wengi wakitaka Beethoven wa kuonyeshea vidole wanakimbilia sonata zake nyingine maarufu, Waldstein au Appassionata, hii wanaipita kisa namba yake ya Op. (namba ya kazi iliyochapwa) ndogo wanadhani ni ya wanaoanza, alafu siku wakiifungua ndo wanagundua wameingia choo cha kike. Nitakujibu kwa urefu kidogo manake maswali yako yameshikana, ukilifungua moja mengine yanalegea yenyewe.

Kwanza jua ni nani alikuwa anaipiga na kwa nini. Beethoven alifika Vienna mwishoni mwa 1792 akitokea Bonn, akawa anasoma kwa mtunzi Haydn, na miaka ile ya mwanzo mjini walimjua zaidi kama mpiga piano kuliko mtunzi, yaani anaitwa kwenye majumba ya wakubwa, anakaa, anabuni muziki papo hapo watu wanabaki midomo wazi. Machi 1795 ndo akapanda jukwaani mbele ya umma wa Vienna kwa mara ya kwanza, na alichopiga ni koncheto yake mwenyewe, piano na okestra. Hizi sonata tatu za Op. 2 ni za kipindi hicho hicho, alizipiga nyumbani kwa mfadhili wake Prince Lichnowsky, Haydn mwenyewe akiwepo, zikachapwa 1796 na Artaria zikiwa na jina la Haydn juu kwa heshima. Na hii ya tatu ndo ya majigambo kuliko wenzake wote wawili. Kijana wa miaka 24 anamwambia mwalimu wake wa zamani mbele za watu, tazama. Ina muvumenti (sehemu kubwa) nne wakati sonata za piano za Haydn na Mozart kwa kawaida zina tatu, na ukiisikiliza vizuri hiyo muvumenti ya kwanza ni koncheto ambayo okestra haikutokea kazini, kwaiyo mpiga piano analazimika kufanya kazi za watu wote.

Hapo ndo penye dawa yako. Chukua penseli uandike juu ya noti ni nani anaongea wapi. Baa (vyumba vidogo vya mapigo vilivyogawanywa kwa mistari) za mwanzo kabisa ni watu wanne wa nyuzi wamekaa karibu karibu, sauti ya chini, kila mmoja anamsikiliza mwenzake. Baa ya 13 okestra nzima inaingia, fortisimo (kwa nguvu sana), semikweva (noti za haraka) zinamwagika. Baa ya 27 tumeingia G maina na sasa ni mtu wa solo anaongea peke yake, mkono wa kushoto kazi yake ni kumsindikiza na kunyamaza. Baa ya 47, pale palipoandikwa dolce (kwa utamu), ni sauti mbili zinaongea kwa zamu, ya juu na ya chini, na zote mbili zina adabu. Alafu vurugu zinarudi. Na hii habari ya nyuzi sijaitoa hewani, kuna vipande vya muvumenti hii Beethoven alivichukua kwenye kwateti ya piano ya C meja aliyoiandika 1785 akiwa bado kijana mdogo Bonn, piano pamoja na fidla, viola na chelo, kwaiyo ukisikia nyuzi ndani yake husikii uongo.

Ukishaandika majina hayo utaona kilichokuwa kinatokea. Wewe unapiga kila baa kama mtu wa solo, nguvu ile ile kuanzia baa ya kwanza mpaka ya mwisho, yaani kama mtu mmoja anayepiga kelele kwenye kikao kizima hata zamu ya wenzake. Msikilizaji akisikia nguvu moja kwa dakika kumi hana cha kushika zaidi ya spidi, na spidi peke yake ndo hicho wanachokiita mazoezi ya vidole. Na mkono nao unaumia kwa sababu hiyo hiyo, haujawahi kupewa mahali pa kupumzika wakati Beethoven amejaza mapumziko kila kona, baa nne za mwanzo tu zina ukimya wa kutosha kushusha mabega mara mbili. Ule ukimya upige, usiuruke.

Sasa thadi zenyewe. Tuangalie kwa karibu baa ya kwanza ina nini, maana watu wanaiogopa kuliko ilivyo. Mkono wa kulia unashika C na E kwa mapigo mawili, pigo la tatu zinakuja semikweva nne za noti mbili mbili, D na F, C na E, B na D, C na E, alafu unatua tena D na F kwenye pigo la nne. Basi. Ni mruko mmoja mfupi una mahali pa kuanzia na mahali pa kutua. Wanaovurugika ni wale wanaozisukuma zile nne moja moja kwa mkono mzima, mara nne chini mara nne juu, na kwa polepole hilo halionekani kabisa ndo maana unasema polepole unapiga safi. Polepole unaweza kupiga kwa njia mbaya na ikatoka safi, hiyo ndo hatari ya mazoezi ya polepole ambayo walimu wengi hatuwaambii wanafunzi.

Vidole nakushauri ujaribu hivi: C na E kwa 4-2, D na F kwa 5-3, C na E tena 4-2, B na D kwa 3-1, alafu 4-2, alafu unatua kwa 5-3. Uzuri wake kila jozi ya noti ina jozi yake ya vidole, hakuna kidole kinachohama. Ubaya wake 5-3 ni jozi dhaifu kwenye mikono mingi hasa kidole cha tano kikiwa kifupi. Kama mkono wako unakataa, shuka uanze na 3-1, kisha 4-2, 3-1, 2-1, 3-1, unatua 4-2, hapo gumba linateleza kutoka C kwenda B na kurudi, na kwa kuwa ni sauti ya chini na mwendo ni mwepesi inapita bila msikilizaji kujua. Jaribu zote mbili ukiwa kwenye spidi ya kweli, usichague ukiwa polepole, maana vidole vinavyopendeza polepole mara nyingi vinakusaliti mbele ya safari.

Kuhusu maumivu, kacheki hiyo noti ndefu ya mwanzo, ile C na E ya mapigo mawili. Nina wasiwasi mkubwa kwamba unaibana. Kitufe kikishafika chini sauti imeshatoka, ukikikandamiza zaidi haiongezeki hata tone, unachokandamiza ni kiganja chako mwenyewe, alafu ukiwa umebana hivyo hivyo ndo unataka semikweva zitoke nyepesi, zitatokaje? Piga ile noti ndefu, kitufe kikiwa chini kabisa legeza mpaka ubaki na uzito mdogo tu wa kukizuia kisipande, tikisa kiwiko kidogo kama kiko huru, ndo zile nne zitoke. Kama kiganja kikiuma simama hapo hapo, funga piano, kapumzike. Maumivu hayamalizwi kwa kurudia, na yakiendelea hata ukiwa hupigi nenda kwa daktari.

Mazoezi mawili tu kwa hili, sitaki ukae na ishirini. La kwanza, noti ya juu ya kila jozi iunganishe vizuri, ya chini yake iguse kwa kifupi kama inachoma, mkono huo huo, mikato miwili tofauti kwa wakati mmoja. Ni ngumu mwanzoni na inachekesha ila ndo inakupa ile sauti ya fidla ya kwanza kusikika juu ya fidla ya pili, maana tatizo lingine la thadi zako naamini ni kwamba noti zote mbili zina sauti sawa kwaiyo zinasikika kama kelele moja nene. La pili, spidi kamili lakini kipande kidogo: noti ndefu, semikweva nne, tua, simama kabisa. Hakikisha mkono umelegea. Rudia. Yaani badala ya kupandisha metronomu (mashine ya kuhesabu mapigo) alama mbili mbili kwa kipande chote, unachukua kipande kidogo kwenye spidi ya mwisho na unakirefusha taratibu, baa moja, baa mbili, baa nne. Metronomu ya kupanda kidogo kidogo siichukii ila kwa hiki kitu inakufundisha kupiga polepole kwa haraka.

Spidi gani sasa? Imeandikwa Allegro con brio (haraka na kwa uchangamfu), na Beethoven mwenyewe hakuweka namba yoyote, metronomu ya Maelzel ilipata hataza 1815 sonata hii ikiwa imeshazeeka. Czerny aliyesoma kwa Beethoven aliacha namba zake na ni za kasi kweli kweli. Mi kwa mtu wa onyesho la kwanza nasema krocheti (mapigo) 132 mpaka 138 kwa dakika inatosha, ikiwa na mikato safi na ukimya wa kweli itasikika ya kasi kuliko 152 yenye matope. Na usiipime kwenye baa ya kwanza, ipime kwenye zile okteva za kuvunjavunja (noti mbili za jina moja, ya chini na ya juu, zikipigwa kwa zamu) karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza, hapo ndo mwenye nyumba. Hizo ukizipiga kwa vidole peke yake unakwisha, zinatoka kwenye mkono wa chini (kati ya kiwiko na kiganja) kujizungusha, gumba na kidole kidogo vinabaki na umbo lile lile mkono ndo unapinduka huku na huku. Ile spidi ambayo okteva zinatoka bila bega kupanda, hiyo ndo spidi yako, anzia nayo baa ya kwanza.

Katikati kuna mtego mzuri ambao watu wengi wanaupita bila hata kuutazama. Baada ya kurasa za apejio nzito (kodi, yaani fungu la noti, ikipigwa noti moja moja) mada ya mwanzo inarudi, baa ya 109, kila kitu kimepangwa kama vile tumefika nyumbani, yaani C meja, kumbe ni D meja, siyo nyumbani kabisa. Piga kwa uso wa kawaida usimkonyeze msikilizaji. Mwenye masikio atashtuka mwenyewe, asiye nayo hatopungukiwa. Nyumbani kwenyewe ni baa ya 139.

Alafu mwisho kabisa, baa ya 218, unategemea C meja ifunge kazi inakuja A flati meja. Kutoka hapo ni apejio tupu mpaka unafika kwenye ile kodi ambayo kwenye koncheto okestra husimama na mpiga piano anaachwa peke yake, na kweli inafuata kadenza (kipande cha mpiga peke yake kuonyesha uwezo), imeandikwa noti kwa noti. Sonata ya mtu mmoja ina kadenza! Ndo uhakika wako kwamba habari ya koncheto siyo ndoto zangu. Hapa kwenye apejio usihesabu kwa ukali, ziache zitafute njia, kila kodi inapobadilika isikie kabla hujaenda kwenye nyingine, maana kama wewe mwenyewe hujashtuka hakuna atakayeshtuka. Na kadenza isipigwe kama mbio, ianze kwa kusitasita, ipate ujasiri njiani. Hapa ndo mahali pekee kwenye muvumenti nzima ambapo nakuruhusu kuwa mtu wa solo asiyemjali mtu yeyote.

Adagio, ile muvumenti ya pili ya polepole, sikuulizwa lakini nitaiongelea tu, kwa sababu majigambo yote ya muvumenti ya kwanza yanalipwa hapa. Iko E meja, mbali sana na C, na mstari wake wa mwanzo umekatwakatwa na ukimya. Wanaotoka kupiga semikweva za fujo damu bado inachemka wanauharakisha huo ukimya, kwaiyo kabla hujaanza weka mikono mapajani, isikie ile mada kichwani mpaka baa ya pili, ndo uanze. Ikiingia E maina mkono wa kulia unatiririka noti ndogo ndogo na wa kushoto unazama kwenye besi kisha unavuka juu ya mwenzake kwenda kulia kwa noti fupi fupi huko juu, angalia usizipige kwa nguvu kisa mkono umetoka mbali, ni mtu anaguna siyo mtu anagonga mlango. Na baa ya 53 ile C meja inayolipuka fortisimo katikati ya utulivu, piga kwa uzito wa mgongo, usiipige kwa kucha. Schnabel, yule mpiga piano wa kwanza kurekodi sonata zote 32 kati ya 1932 na 1935, ukimsikiliza kwenye hizi Adagio utaona mtu asiyeogopa polepole. Michelangeli, mpiga piano wa Italia, naye aliipenda sana sonata hii, kwake kasikilize usafi wa muvumenti ya kwanza, ila usimuige, yule alikuwa na mikono yake na mafundi wake wa piano.

Skezo, muvumenti ya tatu, fupi tu: sauti zinaingia moja baada ya nyingine zikiigana, kila inayoingia isikike imeingia, fupi na nyepesi, na trio (sehemu yake ya katikati) ya A maina yenye apejio usiifanye dhoruba kubwa kuliko ilivyo.

Finali ndo mtihani wa pili wa vidole. Inafungua na kodi za noti tatu tatu zinazopanda ngazi mkono wa kulia, staccato (fupi fupi), sauti ya chini, Allegro assai (haraka sana). Mtu akiona hivyo anakaza kiwiko anazipiga kama nyundo. Fanya hivi, piga noti za juu peke yake kwanza kwa vidole 3, 4, 5 zikiwa zimeunganishwa mpaka uisikie kama wimbo, alafu ongeza za chini ukiwa unafikiria bado wimbo ule ule, mkono ukidunda wenyewe kutoka kwenye kiwiko kilicholegea. Katikati kuna mada ya F meja kama wimbo wa kanisani, hapo vuta pumzi, mkono wako unaihitaji kuliko wasikilizaji. Na mwisho kuna trili (noti mbili jirani zikipokezana haraka), kwanza mkono mmoja alafu zinaongezeka mpaka mkono wa kushoto nao unatetemeka, na hapa ndo swali lako la piano linaingia.

Piano ya Beethoven ya miaka ile ilikuwa na okteva tano, vitufe 61, fremu ya mbao, nyundo ndogo zilizovalishwa ngozi, vitufe vyepesi vinavyozama kidogo tu, na sauti inayokufa haraka. Pedali ya mguu haikuwepo kwenye nyingi, walitumia wenzo wa goti, na kwenye Op. 2 hajaandika alama yoyote ya pedali. Kwaiyo ile fortisimo ya baa ya 13 kwake ilikuwa kelele kali na nyembamba ambayo ilijisafisha yenyewe, kwako kwenye piano ya sasa ukiweka pedali baa nzima ni ukungu. Weka pedali ya kugusa tu, kwenye pigo la kwanza, toa. Kwenye mstari wa thadi usiweke kabisa, kwenye Adagio weka kwa sikio, kwenye zile apejio za baa ya 218 hapo sawa jimwage.

Tofauti ya piano yako ya umeme na ile ya ukumbini ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ya umeme inakusamehe, kila noti inatoka sawa hata ukigusa ovyo, na heedfoni zinakuficha kelele za vitufe. Ile ya kusimama kitufe kinatakiwa kipande karibu chote ndo kikubali kupigwa tena, siyo kama piano ndefu ya ukumbi mkubwa yenye mtambo wa kurudia ambao mtengenezaji Érard alipata hataza yake 1821. Kwaiyo trili zako za nyumbani ukizipeleka pale zitameza noti, na utadhani ni woga kumbe ni mashine. Punguza idadi ya noti kwenye trili, inua vidole kidogo zaidi, piga trili nne nne zilizohesabika badala ya kutetemeka bila hesabu. Omba ufunguliwe ukumbi siku moja au mbili kabla, na ukifika usianze na baa ya kwanza, anza na trili za mwisho, kisha kodi za finali, kisha okteva za kuvunjavunja, ujue ni vitufe gani vinagoma. Kama ukumbi uko pwani na piano imekaa na unyevu kuna vitufe vitakuwa vizito au vinabaki chini kabisa, mwambie mwenye ukumbi mapema atafute fundi, siyo asubuhi ya onyesho.

Tangu leo zima heedfoni, piga kwa spika, na ukiweza pata piano ya mbao hata ya kanisa mara moja kwa wiki ukapige kurasa mbili tu, ya kwanza na ya mwisho.

Repeat, irudie. Ameiandika, na ukiikata, ile D meja ya uongo haitomdanganya mtu maana hakuna atakayekuwa ameizoea C. Ila mara ya pili usipige nakala ya ya kwanza, baa za mwanzo zipunguze sauti kidogo zaidi, na pale G maina muache yule wa solo achelewe nusu pumzi. Kama ratiba ya onyesho ni ndefu na wamekubana muda, sonata nzima na repeat yake inakaribia nusu saa, waambie mapema wakupangie mwisho kabla ya mapumziko.